Mficha Uchi Hazai

Mwezi huu twataka kunena habari ambayo katika nyumba nyingi hunenwa kwa kunong'ona tu, nayo ni habari ya mume na mke waliokaa pamoja miaka mingi wala hawajaona mtoto. Si habari nyepesi. Wako watu waifanyao mzaha kisimani, na wako waifanyao sababu ya kuvunja ndoa. Sisi twaonelea kwamba yafaa kuinena waziwazi na kwa heshima. Wahenga walisema, Mficha uchi hazai. Na methali hiyo, ambayo watu huitumia kwa mambo mengine, katika jambo hili ni kweli neno kwa neno.

Na tutoe mfano wa nyumba moja. Majina hayana haja, maana nyumba za namna hii zi nyingi, na kila msomaji aweza kudhani kwamba twamnena jirani yake. Bwana alioa akiwa na umri wa miaka 30, na bibi alikuwa na miaka 27. Mwaka wa kwanza ukapita kwa furaha. Wa pili ukapita, na mama wa bwana akaanza kuuliza. Mwaka wa tatu bibi akaanza safari zake. Wifi zake wakampeleka kwa mganga aliyempa mizizi ya kuchemsha, anywe asubuhi na jioni kwa siku saba. Mganga wa pili akamfunga hirizi kiunoni. Wa tatu akampa unga wa kujiweka ndani ya mwili, ukamwasha kama moto, akaugua wiki mbili. Mbuzi wawili wakaenda, na fedha za mavuno mawili ya mahindi zikaenda vilevile.

Bwana yeye hakwenda popote. Kila mkewe alipomwambia, "Baba, twende sote wawili hospitali," alijibu, "Mimi ni mzima, nguvu zangu ninazo. Mwenye tumbo ni wewe." Hata mwaka wa tisa mama yake akamwita faraghani, akamwambia, "Mwanangu, nataka kuona mjukuu kabla sijafa. Mrudishe kwao."

Katika mfano huu twaona makosa matatu. La kwanza ni kumdhania mke peke yake. La pili ni kuiamini dawa kwa sifa zake, pasipo kuipima. La tatu ni kupoteza wakati. Na tuyatazame moja moja.

Kosa la kwanza. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 ya kuwa katika kila watu wazima 6 duniani, yapata mmoja hupatwa na shida ya kukosa mimba wakati fulani wa maisha yake. Basi si aibu ya ukoo mmoja wala ya kabila moja. Tena matabibu wamekwisha kuona ya kuwa karibu nusu ya nyumba hizo, sababu iko kwa mume, ama yote ama sehemu yake. Wengi hawalikubali neno hili, kwani huchanganya mambo mawili. Nguvu za mume ni jambo moja, na mbegu zake ni jambo jingine. Mtu aweza kuwa na nguvu za kulima ekari nzima, na za kukutana na mkewe vilevile, wala katika maji yake pasiwe na mbegu hata moja. Jambo hilo halionekani kwa macho; huonekana kwa hadubini tu.

Na kipimo chake ni chepesi. Mume hujizuia siku 2 hata 7, kisha hutoa manii katika chombo safi, na mpimaji huyatazama. Kwa kipimo kilichoandikwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, mbegu zikiwa chini ya milioni 16 katika mililita moja, au zinazokwenda zikiwa chini ya 42 katika kila 100, mume hutazamwa zaidi, na kipimo hurudiwa. Hapana kisu, wala maumivu, wala kulala hospitali. Vipimo vya mke ni vizito kuliko hivi. Kwa nini basi mke apimwe miaka mitatu, na mume asipimwe hata siku moja?

Sababu za upande wa mume ni nyingi. Kisonono cha ujana kisichotibiwa vema huacha kovu katika njia ya mbegu, na njia ikaziba. Mishipa iliyovimba kando ya kende huziharibu mbegu. Matubwitubwi yakimpata mwanamume mtu mzima yaweza kushuka kwenye kende. Tumbaku hudhuru, na pombe nyingi hudhuru. Tena vijana wajidungao dawa za kuongeza misuli na wajue ya kuwa homoni ya kiume ikitiwa kutoka nje, mwili huacha kutengeneza mbegu zake wenyewe. Na aliyekwisha kuzaa zamani asiseme, "Mimi nimepimwa na mtoto wangu," kwa kuwa mwili hubadilika kwa ugonjwa na kwa miaka.

Kwa upande wa mke, sababu kubwa katika nchi zetu za Afrika ni mirija iliyoziba. Mirija hii ni miwili, na ndiyo njia ambayo yai hupita kwenda katika mji wa mimba. Kisonono na klamidia huiunguza. Maradhi ya baada ya kujifungua mahali pachafu, au ya baada ya mimba iliyotolewa kwa siri, huiunguza vilevile. Na kifua kikuu chaweza kufika huko. Klamidia ni adui wa hila, maana wake wengi huwa nayo pasipo kusikia maumivu yoyote. Ndiyo sababu mume na mke hutibiwa pamoja, siku zile zile. Akitibiwa mmoja, mwingine humrudishia. Wako wake wengine ambao mirija yao ni mizima, ila yai halishuki kila mwezi, na hao huonekana kwa hedhi zao kupotea miezi miwili au mitatu.

Kosa la pili ni la kuamini sifa. Hapa twamwomba msomaji ahesabu pamoja nasi. Katika kila nyumba 100 za mume na mke vijana wakutanao kama desturi pasipo kuzuia mimba, yapata 84 hupata mimba katika mwaka wa kwanza. Zasalia 16. Na katika hizo 16, yapata nusu hupata mimba katika mwaka wa pili, pasipo dawa yoyote. Basi tazama: nyumba hizo 16 ndizo zizungukazo kwa waganga. Kama mganga angezipa zote maji matupu ya kisimani, nyumba 8 zingepata mimba, nazo zingetangaza sifa zake sokoni na harusini. Zile 8 nyingine zingenyamaza kwa haya, na kwenda kwa mganga mwingine. Hivyo kila dawa huwa na mashahidi wake, hata ile isiyo na nguvu yoyote. Aliye wa mwisho kutoa dawa kabla ya mimba ndiye apataye sifa.

Jambo hili ni la kale. Wasomaji wataikumbuka habari ya Raheli katika kitabu cha Mwanzo, mlango wa 30. Reubeni aliokota tunguja kondeni siku za mavuno ya ngano, na watu wa zamani waliamini ya kuwa tunguja huleta mimba. Raheli akazitaka sana, akampa Lea zamu yake kwa ajili ya tunguja hizo. Matokeo yake yalikuwaje? Lea, aliyezitoa tunguja, ndiye aliyezaa. Akazaa tena na tena. Raheli, aliyezichukua, akangoja bado, hata baadaye akamzaa Yusufu. Habari hiyo hutuonyesha uchungu wa mke anayetaka mtoto. Naye hatumcheki, wala hatumcheki leo ndugu yetu anunuaye mizizi.

Ila twasema, dawa na ipimwe. Hupimwaje? Watu wengi wenye shida moja hugawanywa kwa kura mafungu mawili. Fungu moja hupewa dawa, na la pili hupewa kitu kifananacho nayo kisicho na dawa ndani. Kisha watoto huhesabiwa. Mwaka 2017 matabibu wa nchi ya China walitoa habari za wake 1000 ambao mayai yao hayakushuka vema. Waliwapima kwa mambo mawili: vidonge viitwavyo klomifeni, na sindano nyembamba za kuchoma ngozi, ambazo ni tiba ya asili ya Wachina wenyewe. Wake waliopewa klomifeni walizaa karibu 29 katika kila 100. Wasiopewa walizaa yapata 15. Lakini kwa sindano hapakuwa na tofauti: waliochomwa kwa kweli na waliochomwa kwa kuigiza walizaa sawasawa, yapata 22 katika kila 100. Msomaji aangalie pia hao 15 waliozaa pasipo kidonge. Ndio wale ambao kwetu wangemsifu mganga.

Wala msidhani ya kuwa dawa za asili tu ndizo zishindwazo. Katika Marekani mume mwenye shida hii huuziwa vidonge vya zinki na asidi ya foliki, ati vinaongeza mbegu. Habari za nyumba 2370 zilitolewa mwaka 2020. Waliokunywa walipata watoto 34 katika kila 100, na wasiokunywa 35. Basi ni fedha iliyotupwa. Kwa mke, hata hivyo, asidi ya foliki ni njema kwa sababu nyingine: mikrogramu 400 kila siku, akianza kabla ya mimba, humlinda mtoto na kasoro za uti wa mgongo na za ubongo.

Twasemaje basi juu ya miti yetu? Hatusemi ya kuwa miti haina nguvu. Kwinini yenyewe yatoka katika gamba la mti. Twasema tu ya kuwa mti wenye nguvu ya kuponya una nguvu ya kudhuru pia, na asiyejua kipimo chake hajui aliloshika. Mizizi mingine huudhuru ini, na mingine huukaza mji wa mimba hata mimba changa ikatoka. Unga au majani yatiwayo ndani ya mwili wa mke ni mabaya kuliko yote, maana huchubua, na maradhi huingia pale pale palipochubuka. Na chai ile iuzwayo kwa jina la kusafisha mirija haiwezi kufanya kazi hiyo. Chai hushuka tumboni mwa chakula, haipiti katika mirija. Tena kilichoiziba mirija si taka, ni kovu. Na kovu halioshwi kwa chai. Kama mtu ataka kunywa mchaichai wake kwa kuburudika, na anywe. Ila asiuhesabu kuwa ni matibabu, wala asimfiche daktari dawa anazokunywa.

Kosa la tatu ni la wakati. Mke huzaliwa na mayai yake yote, wala hayaongezeki. Hupungua mwaka kwa mwaka, na baada ya miaka 35 hupungua upesi zaidi. Kwa hiyo kanuni ni hii: kama mke yu chini ya miaka 35, wangoje miezi 12, kisha waende, kama amefika 35, wangoje miezi 6 tu. Na kama hedhi zake hazionekani, au aliwahi kuugua maradhi ya nyonga, au mume aliwahi kupasuliwa kende, wasingoje kabisa. Miaka tisa ya waganga yaweza kula kile ambacho hospitali haiwezi kukirudisha.

Katika miezi hiyo ya kungoja wajue siku zao. Yai hushuka yapata siku 14 kabla ya hedhi ijayo, na huishi kama siku moja. Mbegu za mume zaweza kuishi ndani ya mke hata siku 5. Basi siku zifaazo ni 6, zikiishia siku ile ya yai kushuka. Asiyeweza kuzihesabu asisumbuke. Wakikutana kila siku ya pili au ya tatu mwezi mzima, hawatazikosa.

Wakienda hospitali, waende wawili. Daktari mwema huuliza kwanza, kisha hupima manii ya mume, damu za wote wawili, na kama yai la mke hushuka. Mirija hutazamwa kwa picha ya eksirei, baada ya kutia maji ya dawa yaonekanayo katika picha. Hapo ndipo tiba huchaguliwa. Yai lisiposhuka, viko vidonge vya klomifeni na letrozoli. Maradhi yakiwapo, ziko dawa za kuyaua, kwa wote wawili. Uvimbe na mishipa iliyovimba, baadhi yake hupasuliwa. Lakini mke anunuaye klomifeni dukani kwa shauri la shoga yake, naye mirija yake imeziba, au mumewe hana mbegu, hana tofauti na yule aliyenunua mizizi. Dawa ya hospitali ikitolewa pasipo kupima, nayo ni ramli.

Iko na njia ya mwisho, ya kutungisha mimba nje ya mwili. Tarehe 25 Julai 1978, katika mji wa Oldham, Uingereza, alizaliwa Louise Brown, mtoto wa kwanza wa njia hiyo. Mama yake, Lesley, alikuwa amengoja miaka 9, na mirija yake ilikuwa imeziba. Waliofanya kazi hiyo ni Robert Edwards, Patrick Steptoe na Jean Purdy. Na mwaka 2010 Edwards akapewa tuzo ya Nobel. Tangu mwaka 1992 watoto wamezaliwa pia kwa mbegu moja tu ya mume kudungwa ndani ya yai, na njia hiyo imewafaa waume wenye mbegu chache sana. Leo Kenya, Uganda na Tanzania zina hospitali zifanyazo kazi hii. Lakini na tuseme kweli yote. Gharama yake ni kubwa, nayo hushindwa mara nyingi kuliko kufaulu: katika Uingereza, mwaka 2019, kwa wake walio chini ya miaka 35, kila viini 100 vilivyotiwa katika mji wa mimba vilileta watoto 32; na kwa waliopita miaka 42, kwa mayai yao wenyewe, hawakufika hata 5. Tena Wakristo hawana nia moja juu yake. Kanisa Katoliki liliikataa njia hii katika mafundisho yake ya mwaka 1987, na makanisa mengine huiruhusu. Mume na mke na watafute shauri mapema, kabla ya kuuza shamba.

Na wako ambao, baada ya hayo yote, hawatapata mtoto wa mwili wao. Hao wasidanganywe kwa maneno matamu. Wakitaka kulea, sheria iko. Katika Tanzania ni Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na mahali pa kuanzia ni kwa afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya. Wasipotaka, nyumba ya watu wawili ni nyumba. Elkana alimpenda Hana siku zile alipokuwa hana mtoto, wala hakungoja Samweli azaliwe ndipo ampende.

Turudi sasa katika nyumba ya mfano wetu. Bwana yule, baada ya kuitwa na mama yake, alikaa usiku mzima bila usingizi. Asubuhi akamwambia mkewe, "Twende." Akapimwa, na hapakuonekana mbegu hata moja. Akapimwa mara ya pili, ikawa vile vile. Daktari akamwuliza habari za ujana wake, naye akakumbuka kisonono alichokitibu kwa vidonge vitatu vya dukani. Mke akapimwa, na mirija yake ilikuwa mizima. Alikuwa amefika miaka 36. Daktari akawaeleza njia zilizobaki, na gharama zake, na ya kuwa hawana miaka mingi ya kungoja.

Jioni ile bwana alikwenda peke yake nyumbani kwa mama yake. Akaketi, akasema, "Mama, uliniambia nimrudishe mke wangu kwao. Mwenye ugonjwa ni mimi." Mama akanyamaza kitambo kirefu, kisha akauliza, "Naye amekaa na neno hili miaka tisa, akinywa zile dawa zote?" Akajibu, "Ndiyo, mama." Kesho yake mama akaenda kwa mkwewe na kuku mkononi, akamwomba radhi.

Mtoto bado hatujui kama atakuja katika nyumba ya namna hiyo. Lakini twajua ya kuwa maneno yale manne, "Mwenye ugonjwa ni mimi," yangaliweza kunenwa mwaka wa pili, bibi akiwa na miaka 29, na mbuzi wangali zizini. Basi, ewe bwana usomaye habari hii, kama nyumba yako ina jambo hili, usimtume mkeo peke yake. Vaeni, mfunge mlango, mwende wawili.